Zima Projekta, Mwalimu, Ufundishe

Zima hiyo projekta, mwalimu. Izime. Watoto wamekutazama mgongo kipindi kizima, na ulichokitupia ukutani hakuna anayekielewa.

Nasema na mwalimu, lakini usijifiche nyuma yake wewe mzazi mwenzangu wa Nambilanje, hapa wilayani Ruangwa. Wewe uliyeuza ufuta mnadani, ukatoa mchango wa vifaa vya TEHAMA, na ulipoambiwa shule itapata projekta ukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Uliuliza itamfanyia nini mwanao? Uliuliza nani ataitumia, kufundishia nini? Hukuuliza. Hakuna aliyeuliza. Tuliona mwanga ukutani tukaamini elimu imefika.

Elimu haijafika. Kilichofika ni mwanga.

Najua watakaosema mwandishi huyu anapinga maendeleo. Nayapinga wapi? Projekta naitaka. Naitaka Nambilanje, naitaka Mbekenyera, naitaka Mandawa, naitaka kila shule ya kata kutoka hapa mpaka Nachingwea. Ninachokikataa ni kuona kifaa cha fedha nyingi kinamharakisha mwanangu kuelekea kulekule kwenye ujinga ambako zamani alipelekwa polepole kwa chaki.

Ngoja nikuonyeshe ninachosema.

Ilikuwa Julai, mikorosho inatoa maua, nami nimekaribishwa kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili. Shule siitaji, maana mwalimu yule ni mtu mwema, anajituma, na kosa lake si lake peke yake. Somo, Baiolojia. Mada, fangasi. Projekta imeinuliwa juu ya rundo la vitabu. Ukuta wa lipu chakavu ndio skrini. Madirisha hayana pazia hata moja, jua la saa nne limejaa ndani, na maandishi ni ya njano juu ya rangi nyeupe. Kutoka nilipokaa sikusoma hata neno moja.

Slaidi ya kwanza: aya mbili nzima za Kiingereza, zimekombwa mtandaoni na jina la tovuti limeachwa palepale chini kwenye kona. Mwalimu akageukia ukuta akaanza kusoma. Neno kwa neno. Nukta kwa nukta. Watoto wakainamisha vichwa wakaanza kunakili. Binti aliyekaa mbele yangu alikuwa hajamaliza mstari wa tatu mwalimu alipobonyeza. Slaidi ikaondoka. Binti akaruka mistari kadhaa kwenye daftari, aje ajazie baadaye kwa mwenzake, akaanza ya pili. Nayo ikaondoka. Mwenzake naye alikuwa ameacha mapengo, palepale. Kipindi kilipoisha yule binti alikuwa na kurasa mbili za sentensi zilizoanza zisiishe. Hakuuliza swali. Hakuulizwa swali.

Picha ilikuwepo moja tu: kipande cha mkate kilichoota ukungu, mkate wa Ulaya, uliokatwa vipande kiwandani.

Na nje ya dirisha? Mikorosho. Majani machanga yamefunikwa unga mweupe, maua yanakauka kabla hayajafunga tunda. Ubwiri unga. Fangasi mwenyewe, mzima, anayekula fedha ya kila nyumba wilayani humu, yuko hatua chache kutoka dawati la mwisho! Watoto wale wanamjua. Wengi wao wanamuona baba anavyohangaika kupuliza salfa, kitambaa usoni, macho mekundu. Hakuna aliyemtaja. Slaidi haikumtaja. Mwalimu hakumtaja. Basi mtoto akatoka darasani bila kujua kwamba kile alichokuwa anakinakili kwa Kiingereza ndicho kinachomkosesha baba yake usingizi.

Halikuudhi hilo? Mimi liliniudhi mpaka chakula cha mchana kikanishinda.

Usiniambie ni kipindi kimoja tu. Kipindi kimoja Baiolojia, kimoja Jiografia, kimoja Historia, muhula wote, miaka minne. Halafu matokeo ya NECTA yanabandikwa, tunasimama mbele ya karatasi tumeshika viuno tunaulizana watoto wamerogwa na nani. Hawajarogwa. Walinakili. Walinakili nusunusu, wakakariri nusunusu, wakajibu nusunusu. Na NECTA haiulizi slaidi za mwalimu zilikuwa na rangi ngapi.

Na mtihani ni hasara ndogo. Hasara kubwa iko shambani. Salfa hupulizwa mapema, kabla ugonjwa haujashika maua, na hurudiwa; ukichelewa umetimua vumbi bure. Kwa nini mapema? Kwa sababu fangasi anaenea hewani kwa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, na ukisubiri mpaka unga uonekane kila tawi, yeye ameshamaliza kazi. Hilo ni somo la kidato cha pili. Limo katika mada ileile! Kijana aliyelielewa angerudi nyumbani akamwambia baba yake, baba, tupulize wiki hii, tusingoje. Tungepata mavuno. Tungepeleka mzigo ghalani, chama kikuu chetu cha ushirika, RUNALI, kingeuza, michango na sare zingelipika. Badala yake kijana anarudi nyumbani na mapengo kwenye daftari.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuulizane, hizi slaidi zilizaliwa wapi na kwa ajili ya nani? Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987 huko California, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo iliyoitwa Forethought. Mwaka uleule Microsoft wakainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa biashara na maofisi: mtu anasimama mbele ya wakubwa, anawaonyesha mpango wake, wakubwa wanatikisa vichwa, fedha zinatoka.

Fikiria yule mkubwa aliyekaa mezani. Hanakili. Hatafanya mtihani. Anaijua lugha. Anaijua biashara. Anachotakiwa ni kukubali au kukataa, basi, akanywe chai.

Mtoto wa Nambilanje ndiye huyo? Mtoto hatakiwi kukubali. Anatakiwa aelewe, abishe, akosee, arekebishwe, ajaribu tena kwa mkono wake. Umemchukulia chombo cha kumshawishi mkubwa wa ofisi ukamfundishia mtoto bila kukigeuza hata kidogo, halafu unashangaa hakimkai. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Na mambo haya yamechunguzwa. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ametumia miongo ya maisha yake kupima jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno. Jibu lililomrudia mara kwa mara ni hili: anayetazama picha huku akisikiliza maelezo huelewa vizuri kuliko anayetazama picha, akasikiliza maelezo, na papo hapo akasoma maneno yaleyale yaliyojazwa kwenye skrini. Macho ni yaleyale mawili. Yakiwa kwenye maandishi, hayako kwenye picha. Akili nayo ni hiyohiyo moja, na ukiijaza kwa vurugu inamwaga.

Sasa ongeza mzigo wa huku kwetu. Mtoto wetu amesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba. Wengine nyumbani ni Kimwera. Kidato cha kwanza anatupwa kwenye Kiingereza, ajue asijue. Unapomuwekea slaidi ya aya mbili za Kiingereza unamwambia: soma, tafsiri, sikiliza, nakili, elewa, yote kwa wakati mmoja, na uwahi maana nabonyeza. Wewe mwalimu, kwa kweli, ungeweza? Tukuwekee ukutani aya mbili za Kichina tuone daftari lako mwisho wa kipindi.

Chaki angalau ilikuwa na huruma. Mwalimu akiandika kwa mkono, mkono unachoka, na mkono ukichoka mtoto anapumua. Projekta haichoki. Projekta inamwaga tu.

Usidhani hii ni shida ya shule za vijijini peke yake. Slaidi mbovu zimewahi kuingia kwenye hesabu ya vifo vya watu. Januari 2003 Wamarekani walirusha chombo cha angani kiitwacho Columbia. Wakati wa kuruka, kipande cha sponji ngumu kilibanduka kwenye tangi kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walichambua lile pigo na kuwasilisha matokeo yao kwa slaidi. Kwenye slaidi moja, kichwa cha habari juu kilitia moyo. Habari ya kutisha ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, imebanwa ndani ya vijinukta: kwamba kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa mara 640 kuliko vile vilivyowahi kufanyiwa majaribio. Mara 640! Wakubwa wakatazama, wakatikisa vichwa. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilisambaratika ikirudi duniani, wanaanga 7 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya mwaka huohuo, iliandika wazi kuwa mazoea ya kutegemea slaidi badala ya taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kikamilifu yalikuwa sehemu ya ugonjwa.

Wale walikuwa wahandisi, lugha ni yao, hatari inajulikana. Bado lililo muhimu lilizama katikati ya vijinukta. Wewe unategemea mtoto wa miaka 14 aliokote?

Lakini kwa nini niende mpaka Marekani? Sisi wa Ruangwa na Nachingwea tulipaswa kuwa wa mwisho duniani kudanganywa na mashine. Waulizeni wazee. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea hapa. Walipanga kulima ekari milioni 3.2. Wakaleta matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vya jeshi vikageuzwa vya kulimia. Wakajenga bandari Mtwara. Wakatandika reli mpaka Nachingwea. Mashine tele. Fedha tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwanza udongo huu ukoje, mvua hii inanyesha lini, na wenyeji wanajua nini. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zimeteketea. Reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Tumekaa juu ya kaburi la karanga, na bado tunapokea mashine kwanza, tunauliza baadaye! Jamani, asiyejua maana haambiwi maana, lakini sisi maana tunaijua. Tunaikanyaga kila siku.

Basi projekta ni ya nini? Nitasema kwa lugha nyepesi. Projekta ni ya kumuonyesha mtoto kile ambacho mdomo wako hauwezi kukieleza, chaki yako haiwezi kukichora, na miguu yake haiwezi kumfikisha. Zaidi ya hapo, zima.

Chukua mjusi wa Tendaguru. Kilima cha Tendaguru kiko mkoa wetu huu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dainosa, tani kwa tani, na wachimbaji walikuwa babu zetu, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Leo mjusi yule amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13, watu wa dunia nzima wanalipa kiingilio kumtazama. Mtoto wa Nambilanje hajamuona. Hana nauli ya Berlin, na wala sidhani kama ataipata mwaka huu.

Hapo sasa washa projekta! Picha moja. Moja tu, kubwa, ijaze ukuta wote, bila neno hata moja. Nyamaza. Waache watazame mpaka minong'ono ianze. Halafu uliza: wewe una urefu wa mita moja na nusu, mpange watoto wangapi, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, wafikie pale kichwani? Waache wagombane. Atatoka mmoja aseme karibu watoto 9. Uliza: aliyekuwa mkubwa hivi alikula nini, na nchi hii ilikuwaje wakati huo? Uliza: mifupa ya Lindi inafanya nini Berlin? Umepata Baiolojia, umepata Hesabu, umepata Historia, na hakuna aliyelala. Kwa slaidi moja.

Kisha izime. Ukiwa kwenye PowerPoint, bonyeza herufi B kwenye kibodi, ukuta unakuwa mweusi, na macho yote yanarudi kwako. Kitufe kimoja! Ni walimu wangapi wamewahi kuambiwa habari ya kitufe hicho kwenye semina zao?

Nimetaja semina. Hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Mwalimu anafundisha alivyofundishwa. Anaitwa semina ya TEHAMA mjini, anakaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, na mwezeshaji anafanya nini? Anasoma slaidi. Anageukia ukuta anasoma slaidi, vijinukta kumi na vijinukta vingine kumi, mada yenyewe ikiwa ni mbinu shirikishi! Mwalimu anasinzia, anasaini posho, anapanda bodaboda, anarudi kijijini kutenda yaleyale aliyotendewa. Halafu anakuja mthibiti ubora wa shule, anakuta projekta inawaka, anaweka tiki. Hakuuliza mtoto hata mmoja ameelewa nini. Inawaka? Tiki. Mvumbika changa hula mbovu.

Nachingwea tuna chuo cha ualimu. Wakufunzi wa huko na wa vyuo vyote, nisikilizeni: mnawafundisha vijana kuandaa azimio la kazi, mnawafundisha andalio la somo, mnawafundisha kufaragua zana kwa magunzi na vizibo vya soda. Wafundisheni na hili. Slaidi ni zana kama zana nyingine, na haijawahi kuwa andalio la somo. Anayefungua kompyuta kabla hajaamua mtoto atajua nini na atafanya nini mwisho wa kipindi, huyo hajaandaa somo. Ameandaa maandishi.

Wafundisheni pia aibu ndogondogo zinazoua somo zima. Kabla watoto hawajaingia, nenda ukakae dawati la mwisho. Usiposoma kutoka pale, ongeza herufi au futa maneno. Futa maneno. Wino mweusi juu ya cheupe, acha hayo mazambarau na manjano. Ziba dirisha moja kwa khanga kama pazia hakuna. Picha iwe ya mkorosho kabla haijawa ya mkate wa Ulaya. Unalo jina la Kiingereza watakaloulizwa kwenye mtihani? Liandike ubaoni kwa mkono, libaki pale kipindi chote, na ueleze maana yake kwa lugha ambayo mtoto anaota nayo.

Hesabu, nakuomba, zitoe kabisa kwenye slaidi. Swali la hesabu lililokwisha kufanywa, likaonyeshwa lote kwa mpigo, halimfundishi mtu chochote. Mtoto anahitaji kuuona mkono wako unasita, unafuta, unahamisha namba, unasema kwa nini. Hapo chaki inaishinda kompyuta mchana kweupe.

Utaniambia, ndugu mwandishi, watoto wamejaa, projekta ni moja, na umeme wa kusini unaujua. Naujua. Unakatika somo likiwa katikati, mwalimu anasimama amekodoa macho, anasema tutaendelea ukirudi. Tutaendelea ukirudi! Kwani wewe unachajiwa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama umeme ukikatika huna la kusema, basi hata ulipokuwepo hukuwa na la kusema. Ulikuwa unasomewa na ukuta pamoja na watoto.

Na vishikwambi viko wapi? Baada ya Sensa ya Agosti 2022 Serikali ilivichukua vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu ikawagawia walimu nchi nzima. Kile ni skrini. Kina betri. Weka humo picha moja ya fangasi iliyokuzwa, gawa darasa makundi, kipite kundi kwa kundi huku wengine wako nje wanakagua majani ya mikorosho na kuandika walichokiona. Hakihitaji nguzo ya umeme wala pazia. Au chako kiko nyumbani kinachezewa gemu?

Wala hatuanzi leo. Nchi hii iliwahi kutumia chombo cha kisasa kufundisha watu wengi, na ikaweza. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo kilikuwa redio. Lakini waliandaa kwanza watu: maelfu kwa maelfu ya viongozi wa vikundi walifundishwa kabla kipindi hakijarushwa. Vijitabu vikachapishwa kwa Kiswahili chepesi. Watu wapatao milioni 2 wakakusanyika kwenye vikundi vijijini. Redio ilisema kidogo, ikazimwa. Ikazimwa! Kisha kikundi kikajadili: maji yetu je, mbu wetu je, choo chetu je? Kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kusikia, kuzima, kubishana, kutenda. Nusu karne imepita, na sisi wenye projekta tumeshindwa na redio ya mkulima.

Kwa nini tumeshindwa? Kwa sababu wakati ule fedha zilitangulia kwa watu, chombo kikafuata. Sasa tunanunua chombo, tunapiga picha ya makabidhiano, tunakwenda nyumbani.

Nawe mzazi, bado umekaa kimya? Unaogopa mwalimu atamchukia mwanao ukiuliza? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wilaya hii imemtoa Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015. Hatuna kisingizio cha kusema kwamba hatujui mwalimu anaweza kuwa nini. Mwalimu wa Nambilanje si adui yetu. Amelemewa, anaandaa somo usiku kwa bando lake mwenyewe, hakuna aliyewahi kukaa darasani kwake akamwambia kwa upole hapa ulipoteza watoto, hapa uliwapata. Tumemuacha peke yake na mashine.

Kikao cha wazazi kinakuja. Ajenda itasomwa: taarifa ya mapato, taarifa ya chakula, mchango wa pazia la chumba cha kompyuta. Usisubiri mengineyo, maana mengineyo hufika watu wameshaanza kuondoka. Nyoosha mkono mapema. Muulize mkuu wa shule, muulize na afisa elimu kata kama yupo: mwaka huu, nani kati yenu alikwenda akakaa dawati la nyuma kipindi kizima projekta ikiwa inawaka, kisha akawauliza watoto watatu wameelewa nini? Taja jina, taja somo. Na usikae chini mpaka ujibiwe.